Maambukizi Makali ya Mirija ya Nyongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matibabu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa, ndugu wanaowauguza, na wahudumu wa afya wanaompokea mgonjwa kabla hajafika kwa mtaalamu. Vipimo vya dawa vilivyotajwa ni vya mtu mzima ambaye figo zake zinafanya kazi vizuri.

Ni nini hasa kinachotokea mwilini?

Ini hutengeneza nyongo kati ya mililita 500 na 1,000 kwa siku. Nyongo hiyo hupita kwenye mirija midogo ndani ya ini, hukusanyika kwenye mrija mkuu, kisha humwagika kwenye duodeni, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, kupitia tundu dogo lenye msuli wa kufunga na kufungua. Nyongo inapotiririka vizuri bakteria hawapati nafasi ya kukaa. Mrija ukiziba, nyongo inatuama, bakteria wa utumbo wanazaliana ndani yake, na shinikizo linapanda.

Shinikizo hilo ndilo linaloua. Kwa kawaida halizidi sentimita 15 za maji. Likivuka 20 hadi 25, bakteria na sumu zao husukumwa kutoka kwenye nyongo na kuingia moja kwa moja kwenye damu inayopita ndani ya ini. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akiongea vizuri asubuhi anaweza kufika jioni presha ya damu imeshuka na akili imevurugika.

Kwa nini antibiotiki peke yake haitoshi?

Kwa sababu shinikizo lilelile linalosukuma bakteria kuingia kwenye damu pia huzuia dawa kufika kwenye nyongo. Antibiotiki inapigana na bakteria walioko kwenye damu na kwenye tishu, lakini ndani ya mrija ulioziba inafika kidogo mno. Mgonjwa mwenye hali nyepesi anaweza kutulia kwa dawa na dripu, mara nyingi kwa sababu kijiwe kimesogea na kuacha upenyo. Mwenye hali mbaya hatulii mpaka mrija ufunguliwe. Kumwacha kwa siku tatu huku antibiotiki zikibadilishwa moja baada ya nyingine, bila mpango wa kufungua mrija, ni kosa la hatari kuliko yote katika ugonjwa huu.

Mrija huzibwa na nini?

Mara nyingi ni mawe ya nyongo yaliyoteremka kutoka kwenye mfuko wa nyongo, au yaliyojitengeneza ndani ya mirija yenyewe. Sababu nyingine ni saratani ya kichwa cha kongosho au ya mirija ya nyongo, kovu lililobana mrija baada ya upasuaji, stenti ya zamani (kijineli kinachowekwa ndani ya mrija ili ubaki wazi) iliyojaa tope, na minyoo. Aliyewahi kuwekewa stenti akapata homa ya ghafla na baridi kali, ichukuliwe kwamba stenti imeziba hadi ithibitike vinginevyo.

Dalili ni zipi?

Mwaka 1877 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza dalili tatu zinazokwenda pamoja: homa yenye kutetemeka, macho na ngozi kuwa njano, na maumivu upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Mwaka 1959 ziliongezwa mbili, kushuka kwa presha ya damu na kuchanganyikiwa, ambazo huonyesha kwamba hali imekuwa mbaya sana. Mkojo huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, choo huweza kupauka, na ngozi huwasha.

Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi hawana zile tatu kwa pamoja. Wazee hasa hudanganya macho ya daktari: mzee anaweza asiwe na homa wala maumivu, akaja tu amechoka, hataki kula, na maneno yake hayaeleweki. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, angalia weupe wa macho kwenye mwanga wa jua na upime bilirubini, rangi ya njano iliyomo kwenye damu.

Homa ya kutetemeka pamoja na macho ya njano ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Katika maeneo yenye malaria, kipimo cha malaria kifanyike, lakini kikitoka chanya kisifunge mjadala ikiwa mgonjwa ana maumivu ya upande wa kulia au aliwahi kuambiwa ana mawe ya nyongo.

Inatofautianaje na uvimbe wa mfuko wa nyongo au homa ya ini?

Mfuko wa nyongo ukivimba, maumivu hukaa sehemu moja, na mgonjwa hukata pumzi ukimbonyeza chini ya mbavu za kulia huku akivuta hewa. Umanjano huwa haupo au ni kidogo. Homa ya ini ya virusi huleta umanjano na uchovu, lakini baridi kali ya kutetemesha kitanda si kawaida yake. Jihadhari na mtego mmoja wa maabara: kijiwe kikiziba mrija ghafla, vimeng'enya vya ini vya ALT na AST vinaweza kupanda sana katika saa za mwanzo, na daktari akadhani ni virusi. Rudia kipimo baada ya siku moja au mbili. Vikishuka haraka huku ALP na GGT (vimeng'enya vinavyopanda nyongo ikikwama) na bilirubini vikiendelea kupanda, fikiria mrija.

Vipimo gani vinahitajika ili kuthibitisha?

Mwongozo wa Tokyo wa mwaka 2018, unaotumika katika nchi nyingi, unatafuta ushahidi wa aina tatu. Kwanza ni maambukizi: joto la mwili zaidi ya 38, kutetemeka, chembe nyeupe za damu chini ya 4,000 au zaidi ya 10,000, au CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe) ya miligramu 1 kwa desilita au zaidi. Pili ni nyongo kukwama: bilirubini ya miligramu 2 kwa desilita au zaidi, au vimeng'enya vya ini vilivyozidi mara moja na nusu ya kiwango cha juu cha kawaida. Tatu ni picha inayoonyesha mrija uliopanuka au kitu kilichouziba. Ukipata ushahidi wa maambukizi pamoja na mmoja wa aina hizo nyingine, shuku ugonjwa na anza matibabu. Ukipata wa aina zote tatu, umethibitisha.

Picha ya kwanza ni ultrasaundi. Inaona vizuri upana wa mrija na mawe yaliyomo kwenye mfuko wa nyongo, lakini mawe ya chini kabisa ya mrija mkuu mara nyingi hufichwa na gesi ya utumbo. Mrija mkuu wenye zaidi ya milimita 6 unatiliwa shaka. Kwa mzee au aliyeondolewa mfuko wa nyongo, hadi milimita 10 inaweza kuwa kawaida yake. Na mrija ulioziba saa chache zilizopita huenda haujapanuka bado. Kwa hiyo ultrasaundi safi haiondoi ugonjwa. CT, MRI ya mirija ya nyongo, au ultrasaundi ya ndani inayofanywa kwa endoskopu (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni) hujibu yaliyobaki, ilimradi hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri.

Madaktari wanajuaje kuwa hali ni mbaya?

Kuna madaraja matatu. Daraja la tatu, lililo baya zaidi, ni pale kiungo chochote kinapoanza kushindwa: presha inayohitaji dawa ya kuipandisha, fahamu kuvurugika, oksijeni kushuka, mkojo kupungua au kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kuzidi miligramu 2 kwa desilita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) kuzidi 1.5, au chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) kushuka chini ya 100,000. Daraja la pili, yaani hali ya kati, linahitaji mambo mawili kati ya haya: chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000, joto la 39 au zaidi, umri wa miaka 75 au zaidi, bilirubini ya miligramu 5 au zaidi, na albumini (protini ya damu) iliyoshuka chini ya asilimia 70 ya kiwango cha chini cha kawaida. Wasioangukia humo ni daraja la kwanza, yaani hali nyepesi.

Daraja si muhuri wa kudumu. Mgonjwa apimwe upya mara kadhaa katika saa 24 za mwanzo, kwa sababu aliyeingia daraja la kwanza anaweza kuwa la tatu kabla ya mchana wa pili.

Nini kifanyike katika saa ya kwanza?

Weka kanyula mbili kubwa. Chukua damu ya kuotesha bakteria, seti mbili kutoka sehemu mbili tofauti, kisha toa antibiotiki ya mshipani papo hapo. Ikiwa presha imeshuka, dawa iingie ndani ya saa moja. Kwa wengine isizidi saa sita. Chupa za kuotesha zikikosekana, usisubiri.

Mgonjwa mwenye presha ya chini au laktati iliyopanda (dalili kwamba tishu hazipati damu ya kutosha) hupewa takriban mililita 30 za maji ya mshipani kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu za mwanzo. Wa kilo 60 atahitaji kama lita 1.8. Ringa laktati ni chaguo zuri, lakini ina kalsiamu: isipite kwenye laini moja kwa wakati mmoja na seftriaksoni, maana hutengeneza chembechembe ngumu. Sitisha dripu, safisha laini kwa maji ya chumvi, ndipo uchome. Kwa mtoto mchanga mchanganyiko huo haufai kabisa. Wenye moyo au figo dhaifu wapewe kwa mafungu madogo na kusikilizwa mapafu kila baada ya fungu. Lengo ni wastani wa presha wa milimita 65 za zebaki na mkojo wa nusu mililita kwa kilo kila saa, kwa hiyo mpira wa mkojo unahitajika. Maji yakishindwa, anza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha.

Pima sukari, kreatinini, chumvi za damu, INR, chembe sahani na lipase (kimeng'enya cha kongosho). Mgonjwa asile mpaka uamuzi wa kufungua mrija ufanyike. Maumivu yatibiwe: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mshipa, na kipimo kipunguzwe kwa mwenye ini bovu. Diklofenaki iepukwe figo zikiwa hatarini. Opioidi zinaruhusiwa, hofu ya zamani kwamba morfini hubana msuli wa nyongo haitoshi kumwacha mtu akiteseka.

Na simu kwa kituo kinachoweza kufungua mrija ipigwe katika saa hiyohiyo, si baada ya majibu yote kurudi.

Antibiotiki gani, na kwa siku ngapi?

Bakteria wanaopatikana zaidi ni Escherichia coli, Klebsiella na Enterococcus. Kwa hali nyepesi hadi ya kati, iliyotokea nje ya hospitali, seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku hutosha. Metronidazoli miligramu 500 kila saa 8 huongezwa hasa kwa aliyewahi kuunganishwa mrija wa nyongo na utumbo kwa upasuaji, maana bakteria wasiohitaji oksijeni hupanda kirahisi. Kwa hali mbaya, au aliyelazwa karibuni, au mwenye stenti, hutumika piperasilini-tazobaktamu gramu 4.5 kila saa 6 hadi 8, au meropenemu gramu 1 kila saa 8 pale bakteria sugu wanaposhukiwa. Seftriaksoni na meropenemu haziaminiki dhidi ya Enterococcus. Katika daraja la tatu vankomisini huongezwa. Mwenye mzio mkali wa penisilini anaweza kupewa siprofloksasini miligramu 400 kwa mshipa kila saa 12, ingawa usugu dhidi yake ni mkubwa sehemu nyingi.

Siku huhesabiwa kuanzia mrija ulipofunguka, na kwa wengi 4 hadi 7 zinatosha. Damu ikiotesha Enterococcus au Streptococcus, endelea kwa angalau wiki mbili na uchunguze vali za moyo. Majibu ya kuotesha yakirudi, punguza dawa ilingane na bakteria aliyepatikana. Nyongo iliyovutwa wakati wa kufungua mrija nayo ipelekwe maabara.

Mrija hufunguliwa vipi?

Njia ya kwanza ni ERCP. Daktari hupitisha endoskopu yenye kamera ya ubavuni kupitia mdomoni hadi duodeni, hupenyeza waya mwembamba kwenye tundu la mrija, kisha huvuta nyongo kwanza kabla ya kuingiza dawa ya eksirei. Mpangilio huo una maana kubwa. Dawa ya eksirei ikisukumwa kwenye mrija wenye usaha, shinikizo hupanda zaidi na bakteria humiminika kwenye damu mgonjwa akiwa mezani. Kwa hiyo dawa iwe kidogo, na presha ifuatiliwe dakika kwa dakika.

Kisha kuna uamuzi. Mgonjwa aliye imara anaweza kukatwa msuli wa tundu na mawe kutolewa kwa puto au kikapu palepale. Aliye mahututi, au mwenye damu isiyoganda, awekewe stenti ya plastiki ya Fr 7 hadi 10, yaani upana wa milimita 2.3 hadi 3.3, na daktari atoke. Mawe yatasubiri wiki kadhaa. Tamaa ya kumaliza kazi yote kwa mkupuo mmoja kwa mtu aliye kwenye noradrenalini haina faida kwake. Badala ya stenti unaweza kuwekwa mpira mwembamba unaotokea puani. Faida yake ni kuona nyongo inavyotoka na kuweza kuusafisha, kasoro yake ni kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa huung'oa.

Jaribio lililofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 1992 liliwagawa wagonjwa 82 wenye hali mbaya kati ya endoskopia na upasuaji wa dharura. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 10 kwa endoskopia na asilimia 32 kwa upasuaji. Tangu hapo upasuaji umekuwa njia ya mwisho.

Ifanyike ndani ya muda gani?

Mwenye mshtuko wa maambukizi: mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 12, baada ya kumpa maji na dawa za presha. Hali ya kati: ndani ya siku mbili hadi tatu, na ndani ya saa 48 ni bora. Hali nyepesi: asipopata nafuu ndani ya saa 24, naye apelekwe, akipata nafuu, ipangwe bila haraka.

Madhara ya ERCP ni yapi?

Linalotokea zaidi ni kongosho kuvimba: maumivu mapya ya chembe ya moyo yanayopenya mgongoni, na lipase iliyozidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida siku inayofuata. Kidonge cha diklofenaki au indometasini cha miligramu 100 kwenye njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, ilimradi figo zinaruhusu. Mengine ni kutoka damu mahali palipokatwa, ambako huweza kuchelewa hadi wiki moja au zaidi na kuonekana kama choo cheusi, na utumbo kutoboka, ambako ni nadra.

Kama hakuna ERCP, au imeshindikana?

Mrija hufikiwa kupitia ngozi. Mtaalamu, akiongozwa na ultrasaundi, huingiza sindano kwenye mrija wa ndani ya ini na kuacha mpira unaotoa nyongo kwenye mfuko. Njia hii huwafaa pia waliokatwa tumbo na kuunganishwa upya, ambao endoskopu ya kawaida haifiki kwao. Huwa ngumu mrija usipopanuka, na ya hatari tumbo likiwa na maji au damu isipoganda.

Uangalizi wa mpira huo ndio unaoamua. Andika kiasi kinachotoka kila siku. Usafishe kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi safi, bila kusukuma kwa nguvu, maana kusukuma hurudisha usaha kwenye damu. Nyongo inayotoka nje hubeba sodiamu na bikaboneti. Mgonjwa anayepoteza karibu lita kwa siku hukauka na kuharibu figo asiporudishiwa maji hayo.

Upasuaji ukilazimika, daktari afungue mrija, aweke mpira wa umbo la T na afunge. Kuondoa mfuko wa nyongo na kusaka kila kijiwe kusubiri siku nyingine.

Damu isipoganda je?

Mwili unahitaji nyongo ili kufyonza vitamini K, hivyo mrija ulioziba kwa siku nyingi hupandisha INR. Toa vitamini K miligramu 10 kwa mshipa polepole; huanza kufanya kazi baada ya saa kadhaa. Wenye haraka zaidi huongezewa plazima. Kwa kukata msuli hutakiwa INR isizidi 1.5 na chembe sahani zisipungue 50,000. Anayetumia warfarini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, huwekewa stenti bila kukatwa. Aspirini haihitaji kusitishwa.

Kama ni minyoo?

Mnyoo mkubwa wa tumbo, Ascaris, mara nyingi hurudi mwenyewe kwenye utumbo mgonjwa akipewa dripu na antibiotiki. Dawa ya minyoo ikitolewa mnyoo ungali ndani ya mrija unaweza kufia humo na kuoza, kwa hiyo albendazoli miligramu 400 hutolewa baada ya ultrasaundi kuonyesha ametoka. Asipotoka, huvutwa kwa endoskopu, na daktari huepuka kukata msuli ili asiwafungulie wengine mlango. Vidusia bapa vya ini vina dawa zao: prazikwanteli kwa Clonorchis, triklabendazoli kwa Fasciola.

Mjamzito anaweza kufanyiwa?

Ndiyo, miezi yoyote, hali ikiwa mbaya. Alale ubavu wa kushoto, fumbatio likingwe, na eksirei itumike kwa sekunde chache tu. Seftriaksoni inafaa, siprofloksasini iepukwe.

Mrija umefunguliwa lakini homa haishuki. Kwa nini?

Joto linapaswa kushuka ndani ya saa 24 hadi 48. Bilirubini huchukua siku nyingi zaidi, hivyo umanjano pekee usikutishe. Homa ikiendelea, rudia ultrasaundi au CT na utafute kwa mpangilio: stenti imeziba au imetoka mahali pake, sehemu ya ini haijafunguliwa, hasa saratani inapokuwa kwenye njia panda ya mirija ya kulia na kushoto, kuna jipu kwenye ini, mfuko wa nyongo umevimba, kongosho limevimba, au bakteria hasikii dawa inayotumika.

Baada ya kupona, mfuko wa nyongo uondolewe?

Ikiwa chanzo ni mawe na mgonjwa anaweza kustahimili upasuaji, ndiyo, katika kulazwa kulekule au ndani ya wiki mbili baada ya mrija kusafishwa. Anayeahirisha hubaki na kiwanda cha mawe tumboni. Vidonge vya asidi ya ursodeoksikoliki haviyeyushi kijiwe kilichokwishaziba mrija.

Nimetoka hospitali na stenti. Nifanye nini?

Uliza tarehe ya kuitoa au kuibadilisha na uiandike. Ya plastiki huanza kujaa tope na haipaswi kupita miezi mitatu. Stenti iliyosahaulika huleta ugonjwa uleule, mara nyingi kwa bakteria sugu zaidi. Ukipata homa, kutetemeka, mkojo wa kahawia au macho ya njano kabla ya tarehe hiyo, rudi siku hiyohiyo ukiwa na karatasi ya kuruhusiwa inayoonyesha aina ya stenti, siku ilipowekwa na bakteria waliooteshwa.